Mwache Mwenye Shairi Aseme Kwanza

Wanangu wa Mpanda, nanyi wa Inyonga, Karema, Usevya, Katumba na Mishamo, sogeeni karibu. Leo sikuja na hadithi ya sungura na fisi. Nimekuja na hadithi ya shairi: jinsi mtu anavyoweza kulisoma shairi la mwenzake akawa amemheshimu, na jinsi anavyoweza kulisoma akawa amemwibia huku akitabasamu.

Tuanze na darasa. Ingia darasa lolote la Mpanda mjini, uulize kila mtoto babu yake alitokea wapi. Utawapata Wabende na Wapimbwe, wenyeji wa siku nyingi. Utampata Mkonongo, na Mfipa ambaye jamaa zake wako Sumbawanga. Utampata Muha wa Kigoma, na Msukuma ambaye babu yake alishuka huku na ng'ombe akitafuta malisho. Utampata aliyeletwa na reli, maana lile tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa. Na utampata mjukuu wa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi Katumba, wengine baadaye Mishamo, na ambao maelfu yao leo ni raia wa Tanzania. Mkoa wenyewe bado mchanga. Umezaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Rukwa.

Kwa hiyo msidhani habari ya kusoma mashairi ya watu wengine ni habari ya Ulaya na Marekani tu, huko ambako weupe wanajifunza kuwasoma weusi. Huko ipo, na nitaigusa. Lakini iko pia kwenye dawati lako. Mtoto wa pembeni yako akianza kuimba wimbo wa kwao, wewe ndiye mgeni.

Paukwa!

Nawasikia mkiitika. Basi palikuwa na msichana wa Katumba aliyesoma sekondari mjini, akikaa kwa shangazi yake. Jioni akifua sare uani, aliimba wimbo ambao bibi yake alimwimbia alipokuwa mtoto wa mgongoni. Ulikuwa wimbo wa Kirundi, mfupi, wa kubembeleza mtoto. Sauti inapanda kidogo, inashuka, na kila ubeti unaishia kwenye jina la kilima. Jirani yao alikuwa mvulana wa darasa lake, mshairi mzuri kweli, mwenye sikio la kusikia mizani hata kwenye mlio wa pampu ya maji. Akauliza, "Huo wimbo unasemaje?" Msichana akamweleza. Mvulana akarudi ndani, akafungua daftari.

Siku zikapita, shule ikatangaza mashindano ya ushairi. Mvulana akapanda jukwaani na shairi la Kiswahili juu ya mama aliyebeba mtoto usiku, akimtajia kilima ambacho mtoto hajawahi kukiona. Lilikuwa na vina vya kati na vya mwisho, mizani haikupungua wala kuzidi. Ila alilisoma kwa lafudhi ya kuigiza, akizivuta silabi kama alivyodhani watu wa Katumba huzivuta, na ukumbi ukacheka. Halafu maneno yakawazidi, wakanyamaza. Mwishoni wakapiga makofi. Akapewa zawadi ya daftari kubwa na kalamu. Shairi likabandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini yake jina moja tu: la kwake.

Msichana alikuwa safu ya nne. Tangu siku hiyo akaacha kuimba akifua.

Mwalimu wa Kiswahili akalijua jambo hilo, akamwita mvulana. Mvulana akastaajabu. "Lakini mwalimu, Kiswahili chote ni changu. Vina nimevitafuta mwenyewe, mizani nimeihesabu mwenyewe. Wimbo wake hauna hata vina!"

Hakusema uongo. Na hapo ndipo penye fundo, wanangu, kwa sababu wengi wakilizungumza jambo hili hukimbilia kusema, "Usiguse kisicho chako." Mimi sisemi hivyo. Washairi wote hugusa kisicho chao. Kama kila mtu angekaa na wimbo wa kijiji chake tu, Kiswahili kisingekuwa na ushairi kilio nao leo. Ngojeni tumwache mvulana wetu amesimama mbele ya mwalimu, twende pwani mara moja, maana ushairi wetu una adabu ya jambo hili tangu zamani sana.

Kuna bahari ya ushairi iitwayo takhmisa. Inakuwa hivi: mshairi amelipenda shairi la mwenzake, pengine mtu aliyekufa miaka mingi nyuma. Anachukua mistari miwili ya yule wa kwanza, anatunga mitatu yake, anaitanguliza mbele ya ile miwili, inakuwa ubeti wa mistari mitano. Halafu miwili mingine, na mitatu mingine, mpaka shairi zima linakwisha. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye sifa zake ziliimbwa karne nyingi kabla yake. Kazi hiyo tunaiita Takhmisa ya Liyongo.

Tazameni kwa makini jinsi inavyofanya kazi. Mistari ya mwenyewe haiguswi. Huwezi kumrekebisha, huwezi kumpunguza, huwezi kumtia maneno kinywani. Vina vya mistari yako mitatu havijiamulii. Vinafuata vina vya yule wa kwanza. Yaani mgeni ndiye anayenyoosha mguu kulingana na kitanda cha mwenyeji. Na jina la mwenye shairi linabaki juu ya kazi nzima, ndiyo maana hata leo tunasema takhmisa ya Liyongo, wala hatusemi Sayyid Abdallah alibuni yote. Je, Sayyid Abdallah alipungukiwa? Hata kidogo. Ustadi wake unaonekana zaidi, kwa sababu tunaona alivyotembea sambamba na mkubwa wake bila kumkanyaga.

Njia ya pili ni kujibizana. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kuanzia mwaka 1776 hivi hadi 1840, alirushiana mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao inagombana. Maneno yalikuwa makali. Lakini kila mmoja alijua nani amesema nini, na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Ukinitungia, nami nitakutungia. Hakuna aliyechukua sauti ya mwenzake akajifanya ndiye.

Hizo njia mbili zikiwekwa pamoja zinanipa swali ambalo mimi hulitumia kila nikifungua kitabu cha mtu wa mbali. Je, mwenye shairi ameachwa aseme kwanza? Na je, amebakiziwa nafasi ya kujibu? Mvulana wetu hakumwacha msichana aseme kwanza, wala bibi yake. Na alipoigiza lafudhi yao jukwaani mbele ya watu mia, hakumbakizia mtu nafasi ya kujibu. Angejibuje yule msichana? Asimame safu ya nne apige kelele?

Mtaniambia, mbona kwetu watu huigizana lafudhi kila siku, Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hadi msibani na hakuna anayekasirika? Ni kweli, na utani ni jambo zuri. Lakini utani una zamu. Mtani akikucheka leo, kesho wewe unamcheka yeye, na wote mnajua mlango uko wazi pande zote mbili. Pale ambapo mmoja anacheka na mwingine hana ruhusa wala ubavu wa kucheka naye, hapo hapana utani tena. Mtoto ambaye babu yake aliitwa mkimbizi kwa miaka zaidi ya 30 hana zamu sawa na wewe. Soma shairi lake kwa sauti yako mwenyewe. Sauti yako inatosha.

Sasa kuna wale wasioweza kujibu kabisa kwa sababu wamekufa. Hao wanataka uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu panaumiza.

Yale mashairi ya Muyaka tunayosoma leo yalitufikiaje? Alipokufa, mengi yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa tu. Miaka mingi baadaye mmisionari Mwingereza, William Edward Taylor, alitaka kuyakusanya. Aliyemsaidia ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Sikujua ndiye aliyekuwa na masikio ya kazi hiyo: aliujua mji, aliijua lahaja, aliwajua wazee waliokumbuka. Miswada ikaenda London. Mwaka 1940 William Hichens akaichapisha Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Hichens tunamshukuru, Taylor tunamshukuru. Lakini ulizeni wanafunzi kumi wanaomjua Muyaka kama wamewahi kumsikia Mwalimu Sikujua. Bila yeye, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa na wazee wale. Kwa hiyo ukilisoma shairi la zamani, usiulize tu nani alitunga. Uliza pia nani alikumbuka, nani aliandika, na nani alipeleka wapi.

Mwingine ni Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, aliketi akamtungia binti yake utendi wa nasaha. Hakuficha kitu. Ndani ya utendi wenyewe alisema yeye ni nani, akataja idadi ya beti na mwaka wa Hijria alioumalizia. Mama huyu alijua maneno husafiri, akayafunga jina na tarehe ili yasipotee njiani. Lakini mwaka 1934 Alice Werner na Hichens walipoutoa utendi huo kwa Kiingereza, waliupa jina lililoutangaza kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke kwa mumewe. Mambo ya mume yamo, tena mengi, na msomaji wa leo ana haki ya kubishana nayo. Ila yamo pia mambo ya Mungu, ya adabu mbele za watu, ya maradhi, ya mama anayejua huenda hatakuwepo binti akikua. Msomaji aliyeanzia kwenye jalada alikwisha kuambiwa ni utendi wa nini kabla mama hajafungua kinywa. Nadhani hilo ni kosa, hata kama waliolifanya walikuwa wataalamu wakubwa waliokipenda Kiswahili. Kupenda hakumwondolei mtu wajibu wa kusikiliza.

Na yuko ambaye hakufa, lakini alifungiwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 tu alipofungwa nchini Kenya kwa sababu ya karatasi aliyoandika mwaka 1968 akiuliza nchi yake inakwenda wapi. Alikaa gerezani miaka mitatu, muda mrefu akiwa peke yake. Kalamu na karatasi alinyimwa, akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakachapishwa mwaka 1973, kitabu kinaitwa Sauti ya Dhiki. Nawaomba mkipate, mkisome polepole. Lugha yake ni Kimvita, na kijana wa Mpanda atakwama hapa na pale. Ukikwama, usimsahihishe, wala usiseme "hapa amekosea Kiswahili." Wewe ndiye uliyefika kwake. Kaa na neno lile hadi likuzoee. Halafu kumbuka karatasi ile nyepesi, inayochanika kalamu ikikandamizwa, na uhesabu zilihitajika ngapi ili ubeti mmoja utimie. Anayesoma mashairi hayo kwa mbwembwe za harusini bado hajayasoma.

Rudini sasa Mpanda. Mwalimu yule hakumchapa mvulana. Alimwambia, "Jumamosi mtakwenda Katumba, wewe na yeye, kama atakubali." Msichana akafikiri, akakubali.

Walimkuta bibi amekaa mkekani, ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe moja moja na kuyatupa upande wa kushoto bila kutazama. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu wangu." Mvulana akapewa kigoda. Alikuwa ameandaa maneno, yote yakampotea, akasema tu, "Bibi, nimeuchukua wimbo wako."

Bibi hakukasirika upesi kama alivyotarajia. Alimwambia ausome. Akausoma, safari hii bila lafudhi ya kuigiza. Bibi akacheka kidogo kwenye ubeti wa pili, akasema vina vinapendeza. Kisha akauliza, "Kilima umekiweka wapi?" Mvulana akasema jina lake ameliacha, maana halikuingia kwenye mizani. Mikono ya bibi ikasimama juu ya ungo.

Akawaeleza. Kile kilima ndiko walikotoka. Walitembea usiku, na mtoto wake mkubwa alikuwa mgongoni. Alikitaja kila ubeti ili mtoto, kama atapona peke yake, ajue pa kusema ametoka. Wimbo wote, kwake yeye, ulikuwa hicho kilima. Hayo mengine aliyaongeza ili mtoto alale.

Wanangu, mnaona kilichotokea? Mvulana alichukua kila kitu akaacha kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa shairi. Hilo ndilo nililotaka mlione kuliko yote. Watu hudhani kumpora mtu shairi lake kunamuumiza mwenye shairi peke yake. Kunamnyima na msomaji. Anayesoma bila kuuliza anatoka na ganda.

Bibi alimruhusu aendelee kulisoma shairi lake, kwa masharti. Jina la kilima lirudi, hata mizani ikivunjika. Chini yake isemwe ni wimbo wa Kirundi, umeimbwa Katumba, na jina la bibi liandikwe. Halafu kulikuwa na ubeti wa mwisho ambao mvulana hakuwahi kuusikia, bibi aliuimba mara moja, taratibu, akasema, "Huu usiandike." Mvulana akafunga daftari.

Neno hilo la "usiandike" lina uzito wa pekee katika mkoa wetu. Ukitoka Mpanda ukashika barabara ya Sumbawanga, ukapita Sitalike penye viboko wa mto Katuma, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Jina la hifadhi, na la mkoa, limetoka kwa Katabi, ambaye wazee husimulia kwamba roho yake inakaa kwenye mkwaju karibu na ziwa Katavi. Watu huenda pale wakaacha sadaka, wakaomba mvua au mawindo. Yanayosemwa pale hayakutungwa kwa ajili ya kusikilizwa na jukwaa. Kadhalika nyimbo za jando na unyago, na maneno ya matambiko. Mtafiti au mwanafunzi anaweza kuyasikia kwa bahati au kwa kuaminiwa. Kuyasikia si ruhusa ya kuyasambaza, na simu yenye kinasa sauti haibadilishi jambo hilo.

Nisije nikawafanya mwogope watafiti, wako waliofanya kazi njema. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikaa Ufipa miaka ya 1960, akatoa kitabu kizima juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa, kikachapishwa Oxford mwaka 1978. Ni kazi ya thamani. Lakini ni ya Kiingereza, na imo katika maktaba za mbali, wakati wajukuu wa wasimulizi wenyewe wanazungumza Kifipa na Kiswahili. Nani atakirudisha? Pengine mmoja wenu.

Wakati mwingine mwenyewe huwahi kusema. Pale Karema, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, aliishi Mzee Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, mbali kabisa huko Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa. Wamisionari wa Kanisa Katoliki, wale Mapadre Weupe, wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe, ni miaka 67. Wengi waliandika habari zake, na wengi walimgeuza mfano wa jambo walilotaka kulihubiri. Lakini yeye pia aliandika maisha yake kwa mkono wake, yakachapishwa katika jarida la Tanganyika miaka ya 1940. Ukitaka kumjua Atiman, anzia hapo. Wengine wasome baadaye.

Dunia ya nje nayo ina visa vyake. Mwaka 2015 nchini Marekani, shairi moja lilichaguliwa kuingia katika kitabu cha mashairi bora ya mwaka huo. Mtunzi aliitwa Yi-Fen Chou, jina la Kichina. Kumbe alikuwa Mzungu, Michael Derrick Hudson. Alieleza kwamba shairi hilo lilikataliwa mara nyingi lilipokwenda kwa jina lake, ndipo akatumia lile. Ikagundulika baadaye kuwa jina lilikuwa la mtu halisi aliyesoma naye shule moja, na familia ya mwenye jina ikamtaka aache. Waandishi wenye asili ya Asia walikasirika, na nawaelewa. Nafasi zao ni chache. Huyu alivaa jina la mmoja wao akakalia mojawapo.

Msilichanganye jambo hilo na lakabu. Malenga wetu wanazo lakabu tangu enzi. Ustadh Amiri Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na kila mpenzi wa mashairi alijua Sauti ya Kiza ni nani. Lakabu humtambulisha mtunzi. Haimpi watu asiotoka kwao.

Na wala msidhani rangi yetu inatupa kibali. Kijana wa Mpanda akimsoma Langston Hughes, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1901, anaweza kusema, "Huyu ni wetu," akapita juu juu. Hughes mwenyewe alitupenda. Alikusanya mashairi ya Waafrika weusi akayatoa kitabuni mwaka 1963. Lakini mitaa ya Harlem, huko kwao Marekani, si mitaa ya Mpanda, na babu yake hakuletwa na reli ya Kaliua. Tunafanana naye ngozi, hatujafanana historia. Anastahili kuulizwa maswali yale yale: ni nani, aliandika wapi, alimwambia nani, alikuwa akiogopa nini. Vilevile ukimsikia mtu wa nje akisema "methali ya Kiafrika inasema" bila kutaja kabila wala lugha, muulize kwa heshima: Waafrika gani?

Wengine watasema hayo ni mambo ya hisia. Hapana, ni sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, yaani ngano, nyimbo na ushairi wa mapokeo ambao hauna mtunzi mmoja. Ukizichapa au kuzitangaza, chanzo chake kitajwe: jamii zilikotoka au mahali. Bibi wa Katumba hakuwahi kuisoma sheria hiyo, na bado alidai lile lile.

Mvulana wetu alilibandika upya shairi kwenye ubao wa matangazo, majina yote yakiwa chini. Mizani ilivunjika pale penye kilima, na watu wawili watatu wakamwambia ameharibu. Akaandika na shairi la pili, la kwake kabisa, juu ya babu yake Msukuma na safari ya ng'ombe. Aliyelijibu shairi hilo kwa beti tano kali ni yule msichana.

Nanyi mna kazi wiki hii. Nendeni kwa mzee mmoja, wa kwenu au wa jirani, mumwombe wimbo au shairi analolikumbuka. Msikilizeni mpaka mwisho kabla hamjafungua daftari. Muulizeni aliusikia kwa nani, unaimbwa lini, na kama unaweza kusomwa mbele ya watu. Akisema hapana, mshukuruni mwende zenu. Akisema ndiyo, andikeni jina lake, lugha, kijiji na tarehe, kisha nakala ya kwanza mpelekeeni yeye.